Ugonjwa Uliopewa Jina la Asali

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali dogo: niende kupimwa sukari katika zahanati yetu ya hapa Kanyangi, au nipande gari hadi Kitui mjini ambako hakuna anayenijua? Usiku mmoja nilikuwa nimeamka kwenda chooni, nikanywa maji, nikalala, kisha nikaamka tena kwenda chooni. Mtu wa kawaida angesema ni joto, au ni chai ya jioni. Mimi nina shahada, na shahada imenifundisha kwamba kila jambo lina sababu kadhaa, na kwamba iliyo mbaya zaidi ndiyo unayopaswa kuichunguza kwanza. Kwa hiyo nililala chali nikitazama mabati na kuwawazia Wagiriki.

Tangu nihitimu nimekuwa nyumbani nikingoja kazi, na mtu anayengoja kazi hupata muda mwingi sana wa kusikiliza mwili wake. Zahanati yetu si mahali pa siri. Benchi la wagonjwa liko nje, limeelekea barabara ya soko, na anayetoboa watu vidole ni shemasi wa kanisa letu, mama mwema anayeombea kila mtu kwa jina, kwa sauti. Mjini kungekuwa na foleni, nauli na ukimya. Niligeuka upande wa kulia, nikachagua mjini. Niligeuka upande wa kushoto, nikaona ni woga tu. Nikageuka tena.

Asubuhi bibi yangu, ambaye sote tunamwita Susu, aliniwekea kikombe cha chai mezani. Anatia asali yake mwenyewe, ile yenye moshi ndani yake, kwa sababu huku asali hurinwa kwa mwenge wa majani makavu na haisahau. Harufu ilipanda na mvuke ikaniingia puani, na mara moja nikawa mtoto tena, wa umri wa kukosa meno ya mbele, nimeshika jagi la maji mbele ya wageni, nikiwa na hakika kwamba mimi peke yangu duniani ndiye ninayejua kinachomuua babu yangu.

Babu alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye migunga kuanzia nyuma ya zizi hadi karibu na mto mkavu, na kila mmoja aliujua kama mtu anavyojua tabia za watoto wake. Huu una hasira. Huu ni mvivu lakini asali yake ni nyeupe. Akirudi kurina alinuka moshi, jasho na utamu, na sisi wajukuu tulimfuata kama mbwa wanavyomfuata muuza nyama. Tulipewa masega tutafune, na nta tuliitema nyuma ya nyumba, ambako Susu aliikusanya.

Kisha Babu akaanza kunywa maji. Alikunywa kwa kikombe, akahamia jagi, mwisho akawa anakaa karibu na mtungi kama anayelinda mali. Alikonda mpaka suruali yake ikafungwa kwa kamba ya kisongo. Nyuma ya ghala, mahali alipopenda kujisaidia giza likiingia, sisimizi walijipanga mstari mrefu wenye nidhamu. Susu aliwaona. Hakueleza lolote, alimwambia tu aende hospitali, na Susu akisema jambo kwa sauti ndogo hivyo huwa hakuna mjadala.

Babu hakwenda zahanati ya hapa. Alivaa koti lake la harusi, akawaambia majirani anakwenda Kitui kuona bei ya mbuzi, akarudi jioni bila mbuzi na bila bei. Alikuja na vidonge na neno moja: sukari. Nadhani daktari alikuwa amemweleza mambo mengi, lakini Babu alikuwa mtu wa kushika neno moja na kulishika vizuri. Aliingia jikoni, akachukua bakuli la sukari, akachukua na pakiti iliyokuwa kabatini, akaomba hata ile ambayo Susu aliificha kwa ajili ya wageni. Akampa jirani yote.

"Adui nimemtoa nje," alisema, akajifuta mikono.

Kisha akaketi, akavuta kikombe chake cha chai, akatia asali. Hakutumia kijiko cha chai. Alitumia kile cha kupakulia muthokoi, na muthokoi wetu ni mahindi na maharagwe ya kushibisha mtu anayetoka shambani, kwa hiyo unaweza kukikisia kijiko chenyewe. Asubuhi aliitia kwenye uji, mchana akachovya viazi vitamu. Asali ilikuwa yake, imetoka kwa Mungu kupitia nyuki, haikuwa imepita dukani. Vidonge alivimeza alipovikumbuka.

Na tulikatazwa kusema. Wakati ule posa ya shangazi yangu, Anti Mwikali, ilikuwa imefika mahali pazuri. Mchumba wake alitoka Kalamba, upande wa Makueni, na watu wake walikuwa wanakuja kukaa na wazee wetu. Kwetu, kabla ukoo haujaingiza binti wa watu, huuliza polepole kuhusu nyumba anakotoka. Kuna mwizi? Kuna mwenye kifafa? Kuna ugonjwa unaotembea kwenye damu? Babu alituita sote sebuleni.

"Habari ya mwili wangu ibaki ndani ya ua huu," alisema. "Wale watu waje, wale, wanywe soda, wavuke mto Athi warudi kwao. Baada ya hapo mnaweza kuitangaza hata sokoni."

"Baba, lakini unaendelea vizuri?" Anti Mwikali aliuliza.

"Sukari sijagusa. Muulize mama yako."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa tatizo.

Katikati ya mambo hayo binamu yangu Mutuku alikuja likizo. Alikuwa anasomea utabibu chuoni, na alikuwa amejifunza jambo jipya lililomfurahisha kuliko dawa zote: kwamba maneno marefu ya hospitali yanaweza kuvunjwa. Jioni tulikaa kwenye jiwe la kufulia, yeye akivunja, mimi nikiokota vipande.

"Mumbua, usiogope neno refu," aliniambia. "Neno la hospitali ni kama kuku. Unalikata kwenye viungo."

"Kata moja."

"Arthritis. Ile ya goti la Susu. Arthron ni kiungo, Kigiriki hicho. Hii itis ya mwisho ni kitu kimewaka, kimevimba."

"Susu anasema ni baridi."

"Susu hajasoma Kigiriki."

Nilitazama mlangoni, nikashusha sauti. "Na ya Babu?"

Mutuku naye alitazama mlangoni. "Diabetes mellitus. Hiyo mbele ni Kigiriki, nyuma ni Kilatini. Wameoana. Diabetes ni kitu cha kupitisha maji. Unajua vile Babu anavuta maji kwenye tangi na ule mpira? Yanaingia huku, yanatoka kule, hayakai. Hivyo ndivyo mgonjwa anakuwa. Anakunywa na yanapita."

"Na mellitus?"

"Mel ni asali. Mellitus ni ya asali, tamu kama asali. Sasa, kwa nini asali, hapo ndipo kuna kitu ya kushangaza, kwa sababu zamani madaktari..."

"Mutuku," Anti Mwikali aliita kutoka sebuleni, "hivi viti tulivyoazima kanisani vitajibeba?"

Akaondoka, na mimi nikabaki kwenye jiwe na nusu ya habari.

Hapa lazima nieleze mtoto wa Kikamba anavyoelewa majina. Mimi ni Mumbua kwa sababu siku niliyozaliwa mvua ilinyesha hadi mkunga akachelewa. Mutuku alizaliwa usiku. Babu ni Musyoka, aliyerudi, kwa kuwa alikuja baada ya nyumba kumpoteza mwingine. Kwetu jina si pambo. Jina ni taarifa ya jinsi ulivyofika: njia uliyopita, hali ya hewa, nani aliondoka ukaingia. Sikuwa na sababu ya kudhani kwamba Wagiriki na Walatini waliwapa magonjwa majina kwa namna nyingine. Kama ugonjwa unaitwa Mpira wa Asali, basi ulifika kwa asali na ulipitia kwenye mpira.

Nilirudia hoja hiyo kichwani mpaka ikang'aa. Kila asubuhi Babu alikunywa uji wenye asali. Kila asubuhi, midomo yake ikiwa bado inanata, alikwenda nyuma ya nyumba, akatumbukiza ncha moja ya mpira kwenye tangi, akaweka nyingine mdomoni, akavuta mpaka maji yakaja. Asali na mpira vilikutana mdomoni mwake kila siku ya Mungu. Nilishangaa kwamba hospitali nzima ya Kitui haikuwa imeliona jambo hilo.

Nikaanza na mpira kwa sababu ulikuwa mwepesi kubeba. Niliukunja mviringo, nikausukuma ndani kabisa ya banda la kuku, juu ya majani makavu.

"Nani amechukua mpira wangu?" Babu aliuliza asubuhi.

Alimshuku jirani, akamshuku mbuzi, akaishia kumtazama mbuzi kwa muda mrefu kana kwamba anaweza kuuona mpira tumboni. Kisha akachukua ndoo. Aliteka, akabeba hadi kwenye hori la ng'ombe, akarudi, jua likimpiga kisogoni, na kila alipoweka ndoo chini alikunywa. Kwa kadiri nilivyoona, ng'ombe walipata yaliyobaki. Nilikuwa nimeukata ugonjwa kiungo kimoja na badala ya kufa ulikuwa umepata kiu zaidi. Nikahitimisha kwamba chanzo lazima kiwe ile nusu nyingine.

Kuku mweusi ndiye aliyeniumbua. Aliona ule mviringo, akaupenda, akataga ndani yake na kuanza kuatamia. Susu aliingia kutafuta mayai akatoka na uso wa mtu aliyeona kitu kisicho na maelezo.

"Mumbua."

"Naam, Susu."

"Kwa nini kuku wangu amelalia mpira wa babu yako?"

Nikamweleza yote: Wagiriki, Walatini, kiungo, mpira, asali. Nilitarajia kuchapwa. Lakini Susu, aliyewaona sisimizi kwa macho yake, alishikwa na neno moja tu katika hotuba yangu. Aliacha mayai pale pale, akaenda sebuleni, mimi nikimfuata.

"Baba Mwikali," alimwambia Babu, "ugonjwa wako unaitwa asali."

"Unaitwa sukari. Nilienda mimi, si wewe."

"Sukari ni sisi tunaita. Wenyewe wanaita asali."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Walatini."

"Ndio watu wa wapi hao?"

Mutuku alikuwa anafuta viti pale kando. "Hawako tena, Babu. Hata hiyo lugha yao ilikufa."

"Unaona?" Babu alimgeukia Susu. "Na walikufa wakila nini?"

"Babu, si hivyo," Mutuku alisema. "Zote mbili ni mbaya kwako. Sukari, asali, mwilini ni kitu moja. Hata uji lazima upunguze."

"Umemaliza masomo?"

"Bado."

"Maliza kwanza, halafu uje uniondolee na uji." Akasimama, akashika kiti kwanza ndipo akaweza kunyooka. "Nyuki wangu hawajawahi kuingia duka la mtu. Walatini waulize watu wao."

Nilikumbuka baadaye jinsi alivyoshika kile kiti. Siku zilizofuata alilala mchana akiwa ameketi, kidevu kifuani, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe akagusa meza. Nikiwa upande wa pili wa ua aliniita Mwikali, akaendelea kuniita Mwikali mpaka nikafika karibu. Susu aliificha asali ya jikoni. Babu hakugombana naye, alitoka tu akaenda kwenye miti, na miti ilikuwa yake. Nilimwomba Mungu nyuki wahame. Niliomba hata kanisani, Jumapili, wakati wengine wakiomba mvua. Hawakuhama.

Siku ya wageni ikafika. Watu wa Kalamba walikuja wakiwa wamevaa vizuri, wanawake na leso mpya mabegani, na mbele yao alikuwa Mzee Kavita, mjomba wa bwana harusi, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alibeba mwenyewe kithembe, kile chombo cha mti chenye kifuniko cha ngozi ambacho wazee wetu walihifadhia asali.

Zamani asali hiyo ilipikwa pombe, wazee wakanywa, maneno yakalainika. Sisi tulipokuwa watu wa kanisa, pombe iliondolewa na asali ikabaki bila kazi. Ukoo wetu ukaamua kwamba baba wa msichana ataonja kijiko kimoja mbele ya wote, kisha msemaji wa wageni ataonja kingine, na hapo ndipo mazungumzo yafunguliwe. Pasipoonjwa hakuna mazungumzo. Asiyeonja amekataa, na aliyekataliwa hukusanya watu wake na kwenda.

Mimi nilipewa jagi na beseni ninawishe mikono. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama kando ya kiti cha Babu, karibu kabisa, wakati kifuniko cha ngozi kilipovutwa na ile harufu ikajaa sebuleni. Susu alikuwa ameweka kijiko kidogo kabisa alichonacho, lakini mtu wa Kalamba, kwa ukarimu, alikuwa amekuja na kikubwa chao. Babu alikichovya. Asali ilivutika kama uzi wa dhahabu. Tone moja likaangukia koti la harusi, na sikuwaza tena.

"Babu, usionje," nilisema. "Hiyo ndiyo inakuua."

Nimesoma sana tangu siku ile na bado sijapata neno la ukimya uliofuata.

"Mtoto amesema nini?" mwanamke mmoja wa Kalamba aliuliza.

"Amesema asali yetu inaua," mwenzake alimjibu.

"Asali hii nimeirina mimi," Mzee Kavita alisema polepole. "Kwa mkono huu."

Susu aliruka kusaidia. "Si asali yenu, mzee. Ni asali yoyote."

Hilo halikusaidia. Mwanamke mmoja alianza kukunja leso yake. Mwingine aliuliza viatu vyake viko wapi ilhali alikuwa amevivaa. Anti Mwikali alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni, akimtazama baba yake, na baba yake alikuwa amekishika kile kijiko hewani. Hata mimi nilielewa. Akionja, mimi ni mtoto asiye na adabu, nitachapwa, na posa itaendelea. Asipoonja, lazima aseme kwa nini.

Babu alimtazama Mwikali, au upande aliodhani Mwikali yuko. Kisha akarudisha kijiko ndani ya kithembe.

"Nina ugonjwa wa sukari," alisema. "Nimewaficha, kwa ajili ya huyu msichana wangu. Yeye ni mzima, na huyu mdogo mwenye jagi hajasema uongo. Kama mna neno juu ya damu ya nyumba hii, semeni nikiwa nimekaa, kwa maana siku hizi kusimama kunanichosha."

Mzee Kavita hakungoja. Alitia mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya goti lake. Ndani kulikuwa na vidonge.

"Tangu tuvuke Athi," alisema, "nimekuwa nikimwomba Mungu kijiko hicho kisinifikie."

"Hizo si dawa za minyoo?" mke wake aliuliza kutoka upande wa pili wa chumba. "Mwaka mzima, Kavita, umeniambia ni minyoo."

"Mama, tuko kwa watu."

"Mimi nimekuwa nikipika bila chumvi kwa sababu ya minyoo."

Babu alikuwa ameinama mbele, macho yameminywa. "Vyako ni vyeupe? Changu kimoja ni kikubwa, kinakwama kooni."

"Hicho unakunywa na chakula, si tumbo tupu. Walikwambia?"

"Huenda waliniambia. Na chai unatia nini?"

"Kitu gani nitie? Nakunywa hivyo hivyo, kama mfungwa."

"Hata asali?"

"Mzee mwenzangu, asali ndiyo ilinilaza hospitali."

Babu akaegemea nyuma. Susu hakumwambia kitu, na nadhani huo ndio upendo mkubwa zaidi niliowahi kuuona katika nyumba ile.

"Lakini huyu mtoto alijuaje?" Mzee Kavita aliuliza, na watu wote wakanigeukia, mimi nikamgeukia Mutuku. Ikabidi asimame katikati ya sebule aeleze. Alieleza vizuri. Akasema Wagiriki waliona maji yanapita mwilini kama kwenye mpira wa kuvutia maji, wakaupa ugonjwa jina hilo, na kwamba baada ya miaka mingi sana madaktari wengine wakaongeza neno la Kilatini la asali. Akasema jina linaeleza tu walichokiona kwa mgonjwa, halisemi ugonjwa ulikotoka. Hapo niliacha kusikiliza kidogo, kwa aibu.

"Na hiyo asali waliionea wapi?" Babu aliuliza.

Mutuku alitazama dari. "Walionja."

"Walionja nini?"

"Mkojo, Babu."



"Wa nani?" Mzee Kavita aliuliza.

"Wa mgonjwa."

"Daktari mwenyewe? Hakutuma mtu?"

"Mwenyewe. Mashine hazikuwepo."

"Na mimi nilitobolewa kidole," Babu alisema, "nikamlalamikia yule sista mpaka akatoka nje."

Mke wa Mzee Kavita ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita chumba kizima mpaka Anti Mwikali akaketi chini mlangoni akijifuta machozi kwa aproni. Susu alipewa kijiko aonje kwa niaba ya mume wake, na mke wa Mzee Kavita akaonja kwa niaba ya mumewe, akitamka wazi kwamba anafanya hivyo ingawa hajamsamehe. Mazungumzo yakafunguliwa. Mbuzi wa mahari hawakupunguzwa hata mmoja.

Jioni, wageni walipoondoka, Babu aliniita.

"Nani alikufundisha kusema mbele ya wakwe?"

"Hakuna, Babu."

"Vizuri. Usirudie." Akaniwekea mkono kichwani, akaukosa kidogo, akaupata. "Kesho nisomee yale maandishi kwenye pakiti ya dawa. Mimi siyaoni."

Wiki iliyofuata alikwenda zahanati ya Kanyangi, mchana, na Mzee Kavita alivuka Athi kuja kuketi naye kwenye benchi. Macho ya Babu yalirudi polepole, suruali ikaacha kamba. Mizinga haikuondoka. Bado anarina, anauza, na ya nyumbani anampa Susu, kisha anaomba apitishiwe puani kikombe cha Susu kabla Susu hajakinywa. Yeye na Mzee Kavita sasa kila mmoja ana mashine ya kujipima, na kila asubuhi hupigiana simu kutangaziana namba kama watu waliotazama mpira usiku. Aliyeshinda hupiga tena saa nne, kuuliza tu hali ya hewa ya Kalamba.

Asubuhi ile nilikunywa chai ya Susu hadi ikaisha. Usiku kucha nilikuwa nimepanga mambo kwa makini: nitavaa koti, nitasema naenda Kitui kwa usaili wa kazi, nitarudi jioni. Nilikuwa nimechagua hata jina la kampuni, na swali gumu watakalokuwa wameniuliza, na jibu. Nilipofika kwenye jibu ndipo niliposikia jinsi mpango mzima ulivyofanana na bei ya mbuzi. Babu hakuwa ameteswa na asali peke yake. Aliteswa zaidi na miezi ile ya kuugua peke yake katika nyumba iliyojaa watu waliokatazwa kuuliza. Aliponaswa na mtoto mwenye jagi ndipo mtu wa kwanza alipomwambia kidonge kinanywewa na chakula.

Nikamwambia Susu ninakokwenda. Akasema, "Nenda, ulikuwa unagonga mlango wa choo usiku kucha," akaendelea kuchambua kunde.

Ilikuwa siku ya soko. Benchi lilikuwa limejaa, nikabanwa kati ya mzee mwenye kikohozi na mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye alinitazama tumboni kabla ya usoni.

"Mumbua, kwema? Unaumwa, ama kuna habari njema?"

Niliwaza majibu manne, yote ya adabu, yote ya uongo. Barabarani watu walikuwa wanapita na magunia. Shemasi alikuwa ametoka mlangoni akitafuta mgonjwa wa kufuata.

"Nimekuja kupimwa sukari," nilisema, kwa sauti iliyofika mlangoni na kuvuka barabara.

"Basi ingia wewe," shemasi alisema. Nikasimama, nikaingia, na mlango nikauacha wazi.